Fungu la Kitsa

Hadassa hakuwa na ugomvi na mtu Butembo nzima, isipokuwa na uma. Uma ule wa mezani, wenye meno manne, ambao vijana waliosoma walikuwa wameanza kuudunga hata kwenye ugali, kana kwamba ugali ungewang'ata vidole. Kisu alikikubali, maana kisu kina kazi yake. Kijiko alikivumilia kwa ajili ya uji, mchuzi na wagonjwa. Lakini uma! Chombo kilichoundwa kama reki ya kukusanyia takataka kinaingiaje kinywani mwa mtu aliyezaliwa na mama?

Kwa hiyo ilikuwa bahati mbaya, au tuseme ni Mungu aliyeamua kumtania mwanamke mzee, kwamba mwanamume aliyempenda Keren, mke wa mwanawe, alikuwa Lévi, seremala wa mtaa wa juu, ambaye alitembea na uma wake mwenyewe mfukoni mwa shati. Alisema mikono yake haiishi gundi na vernisi ya kung'arishia makabati, na hapendi kulisha tumbo lake mbao. Hadassa alimjibu kwamba tumbo la seremala lingefaa kupakwa vernisi kidogo, huenda likaacha kunguruma. Wakaachana hivyo, kila mmoja akijiona ameshinda.

Mwana huyo wa Hadassa, Kitsa, hakuwapo. Mwaka wa pili wa vita alipanda lori kama msaidizi wa dereva, kwenda Oicha kuchukua mawese na kahawa. Lori lilionekana Beni asubuhi. Mchana lilionekana Mbau, ambako Kitsa alishuka kununua ndizi za kuchoma na kumtania mama aliyeziuza, na mama huyo alimkumbuka baadaye kwa sababu ya mwanya wake. Baada ya Mbau hakuna aliyeliona tena, au hakuna aliyekubali kusema ameliona. Juma lililofuata lilikutwa kando ya msitu, milango wazi, magurudumu yametolewa, na hakuna damu.

Hakuna damu. Maneno hayo mawili Hadassa aliyafunga katika pindo la kitenge chake. Mengine aliyasikia kwa sikio moja. Mtu mmoja alisema wanajeshi waliwakamata vijana wawabebee risasi. Mwingine aliapa kwamba alimwona Kitsa huko Mambasa, amekonda, anawatwangia mpunga watu wenye bunduki. Wa tatu alisema yuko Kampala, amenenepa, ana mke Mganda, na huyo wa tatu Hadassa alimpa chai yenye sukari nyingi na kumwomba arudie.

Tangu hapo, kila alipopakua chakula, alianza na sahani ya Kitsa. Ilikuwa sahani ya chuma iliyopakwa emaye, nyeupe, yenye ukingo wa buluu na maua mekundu katikati, iliyobanduka mahali pamoja na kuonyesha chuma cheusi. Jeraha lile Kitsa alilitia mwenyewe alipokuwa mdogo. Alikuwa na tabia ya kuishika sahani tupu kwa mikono miwili na kuizungusha kama usukani, akikimbia uani na kunguruma kama lori linalopanda mlima, mpaka siku moja lori lile likagonga jiwe la kusagia. Baba yake, Sikuli, alicheka badala ya kuchapa. Sikuli alikwisha kufariki kabla ya vita, na Hadassa alimshukuru Mungu kwa ajili ya hilo, kwa sababu Sikuli asingeweza kukaa na kungoja. Angekwenda kutafuta, naye angepotea.

Kumwekea fungu mtu aliye safarini ilikuwa desturi ya nyumba ile tangu zamani. Haidhuru yuko shambani Mabalako au yuko Kisangani. Chakula kinawekwa, kinafunikwa, kinalala, na asubuhi watoto wanakila kikiwa baridi, tena kwa kugombea, maana hakuna kitamu kama kiporo. Ila hawakuli katika sahani yenyewe. Fungu linahamishwa kwanza, kisha sahani inaoshwa peke yake na kurudishwa mahali pake, kwa kuwa mwenye sahani anaweza kuingia wakati wowote. Na mtu anayewekewa fungu si marehemu. Hapo ndipo penye neno.

Neno hilo alilitamka Abdias, mdogo wake Sikuli, aliyekuwa mkubwa wa ukoo uliobaki. Lévi alikuwa amemtuma mjomba wake kwenda kupiga hodi na kuuliza kwa adabu, kama inavyotakiwa, iwapo Keren angeweza kuolewa tena. Abdias si mtu mbaya. Hakufoka, hakutaja mbuzi wa mahari. Alijikuna kidevu tu.

"Miye siko na shida na Lévi," alisema. "Mais mwanamuke mwenye bwana yake anawekewa chakula kila siku, nitamutoa aje kwa mutu mwingine? Batu watasema nini? Mama Kitsa njo mwenye jiko. Siku atasema mutoto yake hayuko tena, nami nitasema ndiyo. Muende mumuulize."

Nenda umwulize! Nani angethubutu? Mchungaji alijaribu mara moja. Akaanzia mbali, kwa Ayubu na watoto wake. Hadassa akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kama baba wa mwana mpotevu alichoka kutazama barabara, na kama alichoka, mwana huyo angekutana na nani siku aliporudi. Mchungaji akanywa chai yake, akaomba, akaenda.

Keren mwenyewe hakuuliza. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye maneno machache, anayeuza maharage sokoni na kurudi jioni na unga, mkaa na habari za vita. Alimlea binti yake Tamar na alimlea Hadassa pia, ingawa Hadassa asingekubali neno hilo. Siku risasi zilipolia mjini na watu wakakimbilia mabondeni, miguu ya Hadassa ilikataa njiani. Keren alitupa kifurushi cha nguo zake zote kwenye mtaro, akambeba mama mkwe wake mgongoni kama mtoto, akashuka naye hadi kwenye migomba. Hadassa alimtukana njia nzima kwa sababu ya aibu. Hakulisahau hilo kamwe.

Alimpenda Keren kuliko alivyompenda dada yake wa tumbo moja, na alijua anachomfanyia. Hilo ndilo lililomchoma. Miaka ilikuwa inapita juu ya uso wa yule mwanamke kijana, na yeye, Hadassa, alikuwa amekaa juu ya maisha yake kama kuku juu ya yai lisiloanguliwa. Neno moja tu lingetosha. Lakini kila alipojaribu kulipanga mdomoni, alimwona Kitsa akiingia mlangoni, ana vumbi la safari, anatafuta sahani yake, na sahani haipo. Je, mama atamwambia nini? Kwamba alimuua kwa mdomo wake kwa sababu alichelewa?

Basi, ikaja Jumamosi moja, mwaka ule ambao wakubwa walikuwa wametia sahihi karatasi zao za amani huko mbali, na barabara ya Beni ikaanza kupitika. Lévi alifika mbele ya mlango na vijana wawili waliobeba kabati la vyombo. Mchwa walikuwa wamekula kichanja cha zamani cha jikoni, na yeye alikuwa ameahidi kabati bila kuombwa. Hadassa alilizunguka, akalipiga kwa kiganja, akafungua milango yake na kuifunga. Lilikuwa kabati zuri. Lilimkasirisha kidogo.

"Ni ya bei gani?"

"Haiko na bei, Mama. Ni ya kuaga."

"Kuaga nani?"

"Siku ya kwanza, kesho kutwa, ninapanda Beni. Balinipa kazi ya milango na madirisha, kule kwenye vita ilichoma manyumba. Ni kazi ya murefu. Labda nitabakia kule."

Keren alikuwa uani akitwanga sombe, majani ya muhogo aliyokwisha kuyachemsha. Mchi ulikuwa ukipiga sawasawa, tu, tu, tu. Lévi aliposema atabakia kule, ukakosa pigo moja. Kisha ukaendelea. Lévi hakusikia, kwa kuwa wanaume hawasikilizi mchi. Hadassa alisikia.

"Utakula kwanza," alisema kwa ukali. "Mutu hapana kwenda Beni na njaa, watasema Butembo hakuna chakula."

Wale vijana wakaenda zao. Hadassa akaweka maji ya ugali motoni, maana katika nyumba ile Keren alitwanga lakini kusonga kulikuwa kwa mama mwenye jiko. Huku maji yakichemka, Lévi na Tamar walianza kuhamisha vyombo kutoka kwenye kichanja kilicholiwa na mchwa. Na hapo ndipo siku ilipogeuka, kwa sababu vyombo vya nyumba ya zamani ni kama wazee wa ukoo: ukimwamsha mmoja, wote wanaamka na kila mmoja ana lake la kusema.

Kilichotoka kwanza ni bakuli kubwa la mti, jeusi kwa moshi na mafuta, lenye ufa uliozibwa kwa nta.

"Koko, hii ni ya kunyweshea nguruwe?" Tamar alimwuliza bibi yake.

Hadassa nusura aangushe mwiko.

"Nguruwe! Hii ilikuwa ya Maliro, baba ya Sikuli. Batoto yake yote ya kiume walikulaka humu, wote pamoja. Hakukuwa ya kusema hii ni sahani yangu, ile ni yako. Kila mutu anakula upande yake. Ukivuka upande ya ndugu yako, Maliro anakupiga mwiko ku vidole. Na mukono yako ikichelewa, unalala na njaa. Ni juu ya ile Sikuli alikuwaka na mbio vile, mpaka uzee."

Lévi alilipokea bakuli kwa mikono miwili, akapitisha kidole kwenye ufa, akalinusa. Hilo lilimpendeza Hadassa. Mtu anayenusa bakuli la mti si mtu wa kupotea kabisa.

"Na babinti?" Lévi aliuliza.

"Siye? Siye tulikulaka ku jani ya ndizi. Mama anapitisha jani ku moto kidogo ipate kulegea, anamwaga bugali ya moto juu. Harufu yake, we! Hata bila muboga unashiba na harufu. Na ukimaliza, unatupa. Hii kazi ya kuosha sahani, balituletea pamoja na sahani."

Keren aliingia na sombe iliyotwangwa, akaitia chunguni juu ya mawese na vipande vya samaki. Alikuwa anatabasamu chini chini. Hadassa alimimina unga, akaanza kusonga, na mwiko ulipoanza kuzunguka, ulimi nao ukazunguka. Alieleza kibuyu cha maziwa cha shangazi yake. Alieleza vyungu vya udongo vya wanawake wa Lubero, vilivyoteremshwa sokoni vichwani, na jinsi mchumba alivyogonga chungu kwa kidole kabla ya kununua ili asikie kama kina afya. Sauti yake ilikuwa imekuwa ya msichana. Tamar alitoa kijiko kizito cha zamani, kilichopinda shingo, akakiinua juu.

"Ee, Mungu wangu," Hadassa alisema. "Kijiko ya pasta!"

"Ya pasta gani?" Lévi aliuliza.

"Sikia. Kijiko ilikuwa moja mu kijiji yetu muzima. Moja! Tuliiweka tu juu ya pasta apate kukulia. Akikuja kutembelea bakristo, leo anakula kwetu, kesho kwa Kasika, kesho kutwa kwa mwingine. Donc ile kijiko inatembea mbele yake. Akimaliza tu kula, mama anaiosha mbio, mutoto anakimbia nayo katikati ya mashamba, pasta anapita ku barabara na kinga yake, anakanyaga pedali. Akifika, kijiko inamungoja."

"Na pasta hakujua?"

"Angejua aje? Alikuwa mutu wa Mungu. Siku moja akasimama mu kanisa, akasema: ndugu zangu, ninamushukuru Bwana juu ya umoja yenu. Hata vijiko, mulinunua wote ya namna moja!"

Lévi alicheka hadi akaketi chini. Tamar alicheka kwa sababu Lévi alicheka. Na Keren, aliyekuwa ameinama juu ya chungu cha sombe, alifunika uso kwa mkono na kucheka kwa sauti, kicheko kinene cha tumboni. Hadassa alikuwa amekisahau kicheko kile. Zamani kilikuwa kikisikika katika chumba cha pili, wakati Kitsa alipokuwa akimsimulia mke wake mambo ya barabarani. Kilimpiga kifuani kama maji ya moto na ya baridi kwa pamoja, akafurahi nacho, akataka kukisikia tena.

Ndiyo maana hakunyamaza. Ugali ulikuwa umeiva, akaanza kupakua huku anaongea. Alieleza mwaka ambao mama Mzungu wa misheni alipita nyumba kwa nyumba akifundisha kwamba kula chombo kimoja kunaleta magonjwa, na Sikuli, mtu wa kupenda maendeleo, akauza kahawa yake na kurudi na sahani za emaye, kila mtoto na yake.

"Nilifikiri batoto watafurahi," alisema, akimpakulia Lévi fungu la mgeni, kubwa, na kipande cha kichwa cha samaki wa ziwani, wa Vitshumbi. "Ile siku ya kwanza, mudogo akalia. Kila mutu na sahani yake, hakuna wa kugombana naye. Nyumba ilinyamaza, unasikia tu batu wanatafuna. Sikuli akaniangalia, akasema: Hadassa, tulinunua ukimya."

Alimpakulia Tamar. Alimpakulia Keren. Alikwangua chungu, akajipakulia mwenyewe ukoko, kama alivyopenda. Akaketi, akanyoosha miguu. Lévi, kwa mazoea ya mwili, alikuwa tayari amepeleka mkono mfukoni mwa shati.

"Hapana!" Hadassa alisema. "Ile reki ibakie mule mule. Leo utakula kama mutu."

"Mama, mukono yangu iko na vernisi."

"Osha. Bugali haiogope vernisi."

Lévi alinawa, akarudi, akaingiza vidole katikati ya ugali uliotoka motoni sasa hivi, akaruka. Tamar akaanguka kwa kucheka. Hadassa akasogea karibu naye, akamshika kifundo cha mkono kama anavyomshika mtoto mdogo, akamwonyesha. Mtu haanzi katikati, anaanza pembeni palipopoa. Anakata kidogo. Anaviringisha kwa vidole, si kwa kiganja, kiganja ni cha kupokea. Kisha anatia shimo kwa dole gumba, na shimo hilo ndilo kijiko, tena kijiko kinacholiwa pamoja na chakula, hakuna kuosha. Tonge la kwanza la Lévi lilipasuka na sombe ikamwagikia gotini. La pili likafika. Alifumba macho, akatafuna, akatikisa kichwa.

"Mama, ni kweli. Haina ladha moja na ile ya fourchette," alisema, akiugusa uma mfukoni kwa mkono wa kushoto.

"Nilikuambia! Mukono inaonja mbele ya mudomo."

Hadassa aligeuka ili amshirikishe Keren ushindi wake. Keren hakuwa mahali pake.

Alikuwa amesimama mbele ya kabati jipya, ameipa nyumba mgongo. Mkononi alikuwa na sahani yake, ambayo hakuwa ameigusa. Kwenye rafu, mbele yake, ilikuwa sahani nyeupe yenye ukingo wa buluu. Polepole, bila kugonga chombo na chombo, Keren alikuwa anahamisha ugali wake kwenye sahani ile. Kisha sombe. Kisha kipande cha samaki. Akaifunika kwa sahani ya plastiki, akaisogeza ndani, akafuta ukingo kwa pindo la kitenge mahali palipodondokewa na mafuta. Halafu akarudi, akaketi karibu na mlango, akaiweka sahani tupu nyuma yake na kuchukua kikombe cha maji.

Hadassa alitazama chungu. Kilikuwa kimekwanguliwa hadi chini, na yeye ndiye aliyekikwangua. Akatazama mkono wake wa kulia. Mkono ule ulikuwa umeanza na sahani ya Kitsa kila siku, siku za njaa na siku za risasi, hata siku za homa ambapo hakuwa anajua jina lake mwenyewe. Leo haikuwa homa wala risasi. Alikuwa anacheka tu. Alikuwa amecheka, na mwanawe akakosa chakula nyumbani kwake.

Aliona haya na woga, na chini ya hivyo viwili kulikuwa na kitu cha tatu ambacho hakukipa jina upesi, kwa kuwa kilimtisha kuliko vyote: mkono wake ulikuwa umejua. Mkono ulikuwa umejua kabla yake kwamba hakuna mtu wa kumpakulia. Ulikuwa ukisubiri tu yeye aache kuusimamia.

Lévi alikuwa bado anaongea habari za mbao za Beni. Akaona uso wa Hadassa, akasimama.

"Keren," Hadassa aliita.

"Ndiyo, Mama."

"Chakula yako iko wapi?"

"Nilishakula."

"Hapana kunidanganya miye. Niliona."

Keren aliinamisha kichwa. Tamar akatazama huku na huku.

"Ulisahau, Mama," Keren alisema kwa sauti ndogo. "Si kitu. Ni juu ya mugeni, na kabati, vitu vyote vilibadilisha pahali. Nilitengeneza tayari."

"Ungeacha. Weye njo ungeacha. Weye njo ungenyamaza, useme, aa, leo hata mama yake alisahau. Juu ya nini haukunyamaza?"

 Keren hakumtazama Lévi, alimtazama Hadassa.

"Kesho asubui ungefungua, ungekuta haina kitu. Ungelia, Mama. Sikutaka ulie na miye nikiwa na furaha."

Lévi alikuwa amesimama, hajui apeleke wapi mkono wake uliojaa ugali. Naye alikuwa ameelewa, maana alitazama sahani ile iliyofunikwa, kisha akatazama chini, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake.

Hadassa aliinuka. Alikwenda kwenye kabati, akachukua sahani ya Kitsa kwa mikono miwili, akaondoa kifuniko. Mvuke ulikuwa bado unatoka. Alisimama nayo kidogo, anaitazama, na moyo wake ukamsihi kwa mara ya mwisho: irudishe, funika, atakuja, hakuna damu. Aliusikiliza mpaka ukamaliza. Kisha akavuka jiko na kuiweka sahani mapajani mwa Keren.

"Kula."

"Mama, hii ni ya Kitsa."

"Kitsa alishakula."

Keren aliinua macho. Mikono yake haikugusa sahani.

"Mama, hapana. Hapana juu yangu. Nitangoja. Nilikuambia nitangoja, sikuchoka."

"Ninajua haukuchoka. Miye njo nilichoka, mwanangu. Kula, itapoa."

Hadassa hakuketi. Alisimama juu yake kama anavyosimama mtu juu ya mtoto mgonjwa, mpaka Keren akakata tonge la kwanza, akalitia shimo, akachota sombe, akala. Alikula huku machozi yakimdondokea kwenye ugali, na Tamar akaja akaegemea bega lake. Alikula hadi maua mekundu ya katikati ya sahani yakaonekana. Kwa muda mrefu Hadassa alikuwa hajaona maua yale yakitokea chini ya mkono wa mtu anayekula katika sahani ile.

Hapo ndipo Hadassa alipotoka nje. Mchana ulikuwa mweupe, vilima vya Butembo vilikuwa wazi mpaka mwisho, na mtu alikuwa anapasua kuni kwa jirani. Alifungua kilemba chake, akakifunga kiunoni. Akaweka mikono miwili juu ya kichwa. Kilio kilitoka chini sana, mahali alipokuwa amekikalia miaka yote ile, na kilipotoka hakikuwa na aibu wala kipimo. Kuni zikanyamaza. Milango ikafunguka mtaa mzima.

Kavuo, jirani wa ukuta kwa ukuta, alifika wa kwanza, unga mikononi, viatu havipo. Alimshika Hadassa kabla hajaanguka.

"Mama Kitsa! Yesu! Ni nani? Nani amekufa?"

"Kitsa."

"Kitsa? Habari ilifika? Alikufa lini?"

"Leo," alisema Hadassa.